Lloyd Mathews: Mtumishi wa Sultani aliyeshika funguo za hazina ya Zanzibar

Na Mwandishi Wetu

JIONI inapoingia mjini Zanzibar, watu humiminika Forodhani kula pweza na mishikaki na kunywa maji ya miwa. Ni wachache miongoni mwao wanaokumbuka kuwa jina la mahali hapo limetokana na forodha, yaani sehemu ambayo kila frasila ya karafuu, kila pembe ya ndovu na kila jora la kitambaa lilipaswa kupita na kulipiwa ushuru. Katika karne ya 19, aliyekuwa na forodha mkononi alikuwa na Zanzibar mkononi.

Hapakuwa na afisa wa kigeni aliyeufaidi ukweli huo kama Sir Lloyd William Mathews, baharia wa Kiingereza aliyefika Unguja akiwa Luteni na kufia huko akiwa Waziri wa Kwanza. Kwa miaka 10, kuanzia Oktoba 1891 hadi Oktoba 1901, hazina, forodha, posta, jeshi, polisi na kazi za umma vilikuwa chini ya usimamizi wake. Aliwatumikia masultani watano. Kwa jina alikuwa mtumishi wao, na mshahara wake ulitoka katika hazina yao. Hata hivyo, Sultani hakuwa na uwezo wa kumwachisha kazi.

Mathews alizaliwa Machi 7, 1850 katika mji wa Funchal, kisiwani Madeira, baba yake akiwa nahodha mwenye asili ya Wales. Mwaka 1863, akiwa na umri wa miaka 13, aliingia katika Jeshi la Majini la Uingereza. Alipigana vita vya Ashanti, katika nchi ambayo leo ni Ghana, mwaka 1873 na 1874, kisha akapandishwa cheo kuwa Luteni. Agosti 1875 alipangiwa kazi katika manowari London iliyokuwa imetia nanga Zanzibar ili kuzuia biashara ya watumwa baharini. Kazi yake ilikuwa kuongoza mashua zilizovizia majahazi yaliyobeba watumwa kati ya bara na visiwa, na alisifiwa na wakuu wake kwa kuyakamata kadhaa.

Jeshi kabla ya hazina

Sultani Barghash bin Said alikuwa ametia saini mwaka 1873, kwa shinikizo la Balozi mdogo wa Uingereza, John Kirk, mkataba wa kupiga marufuku usafirishaji wa watumwa kwa njia ya bahari na kufunga soko la watumwa. Mwaka 1876 alitoa amri nyingine ya kuizuia misafara ya watumwa ya nchi kavu. Amri ni jambo moja, nguvu ya kuitekeleza ni jambo lingine. Mwambao ulikuwa mrefu, na wafanyabiashara wenye bunduki zao hawakuwa tayari kuutii waraka wa Sultani.

Hapo ndipo Mathews alipopata nafasi yake. Mwaka 1877, akiwa na miaka 27, alipewa jukumu la kumuundia Barghash jeshi la mtindo wa Ulaya. Serikali ya Uingereza ilitoa bunduki 500. Kufikia mwaka 1880 jeshi hilo lilikuwa na askari wapatao 1,300, wengi wao wakiwa Waafrika. Mathews alijifunza Kiswahili na akazoea maisha ya Unguja, jambo ambalo maofisa wengi waliomtangulia hawakujishughulisha nalo. Mwaka 1881 aliacha kazi katika jeshi la majini la nchi yake na kubaki katika utumishi wa Sultani. Desemba mwaka huohuo, nahodha wa manowari London, Charles Brownrigg, aliuawa karibu na Pemba na watu wa jahazi la watumwa, na ni Mathews aliyeongoza askari wa Sultani kumsaka kiongozi wao, Hindi bin Khattam, ambaye alijeruhiwa katika mapambano na kufa.

Mwaka 1885, Wajerumani walipoanza kukusanya mikataba bara, Barghash alimtuma Mathews hadi Kilimanjaro akiwa na askari wasiozidi mia mbili. Machifu 25 wa Uchagga na Taita, akiwamo Mandara wa Moshi, walikubali kuwa ni raia wa Sultani na bendera nyekundu ikapandishwa. Haikupita muda mrefu Mjerumani Karl Jühlke naye akafika Moshi, na Mandara akaweka alama yake katika karatasi nyingine. Mabishano hayo hayakuamuliwa Moshi wala Unguja. Yaliamuliwa London na Berlin, na Barghash akapoteza.

Forodha ya kukodishwa

Ili kuelewa jinsi askari huyo alivyogeuka kuwa mtu wa hesabu, ni lazima kurejea namna fedha za Sultani zilivyopatikana. Mikataba na Marekani mwaka 1833 na Uingereza mwaka 1839 iliweka ushuru wa asilimia tano kwa bidhaa za kigeni. Sultani hakuukusanya mwenyewe. Aliikodisha forodha kwa mfanyabiashara ambaye alimlipa kiasi maalumu kila mwaka, kisha yeye akabaki na chochote kilichozidi.

Kwa miongo kadhaa kazi hiyo ilishikwa na nyumba ya biashara ya Jairam Shivji, Mhindi wa Kutch, na msimamizi wake maarufu Unguja alikuwa Ladha Damji. Mwaka 1876 ilichukuliwa na Tharia Topan, tajiri ambaye jengo la hospitali alilolianzisha bado linatazama bahari karibu na bandari. Mkodishaji huyo alikuwa pia benki. Sultani alipotaka fedha kabla ya wakati, alikopa kwake, na deni likaingizwa katika hesabu za miaka ijayo. Hapakuwa na mpaka kati ya mfuko wa Sultani na mfuko wa nchi. Gharama za ikulu, zawadi kwa masheikh, mishahara ya askari na meli vyote vilitoka mahali pamoja.

Utaratibu huo ulikuwa na kasoro nyingi, lakini ulikuwa na faida moja ambayo Waingereza hawakupenda kuitaja. Fedha zilibaki chini ya amri ya Sultani mwenyewe. Mwaka 1886 Barghash aliacha kuikodisha forodha na kuanza kuikusanya kupitia watu wake. Wakati huohuo mataifa ya Ulaya yalikuwa yakimpokonya mwambao ambao forodha hiyo iliutegemea.

Barghash alifariki Machi 1888. Mwezi uliofuata ndugu yake Khalifa alitia saini mkataba wa kuikodishia Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki utawala na forodha za mwambao wa kusini. Kampuni ya Waingereza ilikuwa imekwisha kupata haki kama hizo Mombasa na kaskazini yake. Wajerumani waliposhika vituo vya forodha Agosti 16, 1888, watu wa Pangani, Bagamoyo na miji mingine waliinuka, wakiongozwa na Abushiri bin Salim. Mathews alipelekwa Pangani na askari wa Sultani ili kutuliza hali. Alipokewa kwa chuki, maisha yake yakawa hatarini, na akalazimika kurudi Unguja. Kwa watu wa Pangani, Mzungu aliyevaa sare ya Sultani hakuwa na tofauti kubwa na Mzungu wa kampuni.

Mwaka 1890 mambo yalimalizwa. Kwa mkataba wa Julai 1, Uingereza na Ujerumani ziligawana maeneo na Zanzibar ikawekwa chini ya himaya ya Uingereza. Ujerumani ilimlipa Sultani mark milioni nne, sawa na pauni 200,000 za wakati ule, kwa kuuchukua moja kwa moja mwambao wa Tanganyika. Fedha hizo hazikuingia katika sanduku la Sultani Ali bin Said. Ziliwekezwa Uingereza.

Oktoba 1891

Balozi mdogo mpya, Gerald Portal, alifika mwaka 1891 akiwa na nia moja kubwa, nayo ni kuitenga hazina na mikono ya Sultani. Sultani Ali alipangiwa posho ya rupia 250,000 kwa mwaka kwa ajili yake na familia yake. Mapato mengine yote yaliingia katika hazina ya Serikali, na kila idara kubwa ikawekewa mkuu kutoka Ulaya, ambaye hangeweza kuajiriwa wala kuondolewa bila ridhaa ya Ubalozi wa Uingereza.

Juu ya wakuu hao aliwekwa Mathews, na kupewa cheo cha Waziri wa Kwanza. Alikuwa na miaka 41. Uteuzi wake ulikuwa wa akili sana. Angeletwa mgeni kutoka London, Waarabu wa Unguja wangemwona mara moja kuwa ni mtawala wa kigeni. Mathews walikuwa wamemzoea kwa miaka 14. Alikuwa mtu wa Barghash, aliyekula na kusafiri na watu wao. Mapinduzi ya Portal yalipita kwa utulivu kwa sababu yalivaa sura ya mtu anayefahamika.

Sultani Ali hakudanganyika kwa muda mrefu. Alilalamika kuwa amegeuzwa mpokea mshahara katika nchi yake, na kwa hesabu za kawaida tu alikuwa sahihi. Alikuwa ameikubali himaya akidhani anapata ulinzi dhidi ya Wajerumani, kumbe alikuwa akikabidhi pia daftari la mapato.

Uamuzi wa kwanza mkubwa wa utawala huo mpya ulihusu forodha yenyewe. Februari 1, 1892, Zanzibar ilitangazwa kuwa bandari huru. Ushuru wa kuingiza bidhaa ukafutwa, isipokuwa kwa vitu vichache kama silaha na vileo. Hofu ilikuwa kwamba meli zingeanza kwenda moja kwa moja Dar es Salaam, Bagamoyo na Mombasa na kuiacha Unguja bila biashara. Kwa kufuta ushuru, wafanyabiashara wangeendelea kutumia maghala ya Unguja.

Lakini hazina ilipaswa kuishi kwa kitu fulani, na kitu hicho kilikuwa karafuu. Serikali ilichukua robo ya mavuno yote, si kwa fedha bali kwa karafuu zenyewe, ambazo zilipokelewa forodhani na kuuzwa. Mzigo ukahama. Mfanyabiashara wa kigeni aliyekuwa akilipa asilimia tano sasa hakulipa kitu, na mkulima wa Unguja na Pemba akaendelea kutoa magunia mawili na nusu katika kila kumi. Bandari huru haikudumu. Mwaka 1899, huku Mathews akiwa bado madarakani, ushuru wa asilimia tano ulirudishwa.

Fedha za mwambao

Jambo ambalo watu wa Zanzibar na Mombasa wana sababu ya kulikumbuka zaidi lilitokea mwaka 1895. Kampuni ya Waingereza iliyokuwa ikitawala mwambao wa kaskazini ilikuwa imeishiwa, na Serikali ya Uingereza ikaamua kuichukua nchi hiyo yenyewe. Kampuni ililipwa pauni 250,000 ili iondoke. Serikali ya Uingereza ilitoa pauni 50,000 tu. Pauni 200,000 zilizobaki zilitoka katika fedha za Zanzibar, zile zilizolipwa na Wajerumani mwaka 1890.

Kwa maneno mengine, Sultani aliuza mwambao wake wa kusini, na fedha za mauzo zikatumika kununua tena mwambao wake wa kaskazini kutoka kwa kampuni aliyoikodisha mwenyewe. Kisha hakuupata. Desemba 1895 ukanda wa maili 10 kutoka ufukweni ulikodishwa kwa Serikali ya Uingereza kwa pauni 11,000 kwa mwaka, pamoja na pauni 6,000 ambazo ni riba ya zile pauni 200,000. Jumla ilikuwa pauni 17,000. Malipo hayo ndiyo yaliyoufanya mwambao wa Kenya uendelee kupeperusha bendera ya Sultani hadi mwaka 1963.

Makubaliano hayo yaliamuliwa juu ya kichwa cha Waziri wa Kwanza, kati ya London na Balozi mdogo Arthur Hardinge. Lakini hesabu za Zanzibar zilikuwa katika dhamana ya Mathews, na kwa miaka yote iliyobaki aliendesha serikali ambayo ushuru wa Mombasa haukuwa wake tena. Mwaka huohuo alikuwa amerudi vitani. Agosti 1895 alifuatana na Admirali Harry Rawson kwenda Mwele, bara ya Mombasa, kupambana na Mbaruk bin Rashid wa ukoo wa Mazrui, na huko akajeruhiwa begani. Mtu mmoja alikuwa akitunza hazina ya Sultani na wakati huohuo kumwagia damu mwambao uliokuwa ukimtoka Sultani huyo.

Dakika 38

Sultani Ali alifariki Machi 5, 1893. Kijana Khalid bin Barghash alijaribu kuingia ikulu ili ashike ufalme, lakini Mathews na Balozi Rennell Rodd walimtoa bila damu na kumweka Hamad bin Thuwaini. Hamad aliruhusiwa kuwa na walinzi wapatao 1,000, ruhusa ambayo Waingereza waliijutia upesi, kwani nje ya jeshi la Mathews sasa kulikuwa na nguvu nyingine yenye bunduki.

Hamad alipofariki ghafla Agosti 25, 1896, Khalid aliingia ikulu kwa mara ya pili, na safari hii alikuwa na watu karibu 2,800. Kati yao walikuwamo askari wapatao 700 wa jeshi la Zanzibar lenyewe, jeshi ambalo Mathews alilianzisha kwa mikono yake. Yeye alibaki na askari 900 waliokusanywa upande wa forodha. Agosti 27, saa 3:02 asubuhi, manowari za Rawson zilifyatua mizinga. Saa 3:40 kulikuwa kimya. Watu wapatao 500 wa upande wa Khalid walikuwa wameuawa au kujeruhiwa, majumba ya kifalme yalikuwa magofu, na meli ya Sultani, Glasgow, ilikuwa imezama bandarini. Upande wa Uingereza alijeruhiwa baharia mmoja.

Khalid alikimbilia Ubalozi wa Ujerumani na baadaye akapelekwa Dar es Salaam. Alasiri hiyohiyo Hamoud bin Mohammed alitangazwa Sultani. Hazina nayo haikusahauliwa, kwa kuwa wafuasi wa Khalid walitozwa rupia 300,000 kufidia gharama za mizinga na mali zilizoporwa katika mitaa ya Wahindi. Waliopigwa mizinga ndio waliolipia mizinga.

Karafuu na watumwa

Mathews aliyefika Zanzibar kuyakamata majahazi ya watumwa alikutwa na swali gumu zaidi akiwa na umri wa makamo. Watetezi wa uhuru huko Uingereza, hasa Waquaker, walitaka utumwa wenyewe ufutwe visiwani mara moja. Serikali ya Unguja ilivuta miguu, na Waziri wa Kwanza alilaumiwa waziwazi kwa kukosa bidii.

Sababu ilikuwa katika daftari la hazina. Karafuu zilichumwa na watumwa. Kama watumwa wangeondoka mashambani kwa pamoja wakati wa mavuno, robo ya Serikali ingeoza mitini. Utawala uliojitangaza kuwa umekuja kumaliza utumwa ulikuwa ukiishi kwa jasho la watumwa, na Mathews alilijua hilo kuliko mtu yeyote kwa kuwa yeye ndiye aliyepokea hesabu.

Amri ya Aprili 6, 1897 iliyotiwa saini na Sultani Hamoud ilibeba alama za hofu hiyo. Mtumwa hakuwa huru kwa tangazo, bali alipaswa kwenda mahakamani kuomba uhuru wake. Aliyepata uhuru alitakiwa kuonyesha mahali pa kuishi na njia ya kujipatia riziki, vinginevyo angehesabiwa mzururaji. Bwana wake, si yeye, ndiye aliyelipwa fidia, nayo ilitoka serikalini. Masuria hawakuhusishwa hadi mwaka 1909. Wengi walibaki katika mashamba yaleyale, wakifanya kazi siku kadhaa kwa wiki badala ya kulipa kodi ya kiwanja. Mavuno yakaokolewa.

Ni haki kusema pia kuwa Mathews hakutajwa kuwa mla rushwa, na hata wapinzani wake walikubali kuwa aliwafahamu watu wa Unguja na walimwendea na shida zao. Mwaka 1894 alitunukiwa cheo cha Sir na Malkia Victoria, na baadaye Sultani Hamoud naye akampa nishani yake ya juu. Alipokea heshima kutoka pande zote mbili alizozitumikia, ingawa moja kati yao ilikuwa imebaki na bendera, posho na mizinga ya salamu.

Malaria ilimuua Unguja Oktoba 11, 1901 akiwa na miaka 51. Alizikwa kwa heshima zote za kijeshi katika makaburi ya Waingereza nje ya mji. Nafasi yake ilichukuliwa na Mwingereza mwingine, Alexander Rogers. Julai 1902 Sultani Hamoud alifariki, na kwa kuwa mrithi wake Ali bin Hamoud alikuwa bado kijana, Waziri huyo wa Kwanza alifanywa kaimu wa Sultani hadi mwaka 1905. Kwa miaka mitatu Zanzibar ilitawaliwa na mtunza hazina, bila ya Sultani kukaa katikati.